Koti la Bomba

Mwenye nyumba wetu tunamwita Mzee Rangi, kwa sababu dawa yake ya kila tatizo ni kopo la rangi. Ukuta ukipasuka, anapaka. Mlango ukioza, anapaka. Siku nilipomwambia kwamba maji ya moto yanafika bafuni kwetu yakiwa yamepoa, alilipaka bomba rangi ya maziwa.

Hita iko chini uani, sisi tunakaa ghorofa ya juu, na bomba linapanda ukuta wa nje likipigwa na upepo njia nzima. Tangu mama augue kiharusi, mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Daktari alisema tuuloweke kwenye maji ya moto kila asubuhi, ndipo tunyooshe vidole. Basi hita ikawa inawaka kutwa, na kwa kuwa umeme umo ndani ya kodi, Mzee Rangi akachoka.

"Hita yenu inatafuna umeme kama mchwa. Mwisho wa mwezi naing'oa!"

"Si hita, baba. Bomba lako liko uchi."

"Basi livishe," akasema, akacheka.

Alidhani ananikejeli. Mimi ni fundi cherehani.

Nilichana godoro kuukuu la sponji, nikatafuta kipande cha turubai, nikalipima bomba kama mteja. Nikalishonea koti na kulibana kila mahali mpaka likakaa bila mkunjo hata mmoja. Majirani walisifu. Asubuhi mama akatia mkono kwenye beseni, akatikisa kichwa.

"Bado baridi, mwanangu."

Mzee Rangi alicheka mpaka akashika mbavu. Nilitamani kumrushia mkasi. Mama ndiye aliyelibonyeza koti kwa mkono wake mzima.

"Hili bomba si bibi harusi. Umelibana mpaka sponji imekuwa karatasi. Joto litakaa wapi?"

Mazoea ya cherehani yaliniponza. Nilifumua yote, nikashona upya koti pana, la kupwaya, lenye makunyanzi ya kutia aibu fundi yeyote. Kesho yake mvuke ulipanda kwenye beseni, na hita niliizima mapema. Nilipiga kigelegele bafuni peke yangu.

Mzee Rangi akaja uani.

"Toa hilo gunia, linaniharibia nyumba."

"Maji yanafika moto, hita haiwaki kutwa. Unataka nini tena?"

"Nyumba ni yangu au yako? Kiburi si maungwana, binti."

"Nyumba ni yako. Mama ni wangu. Silitoi!"

Aliingia kwake, akarudi na kisu. Nikajiweka mbele ya bomba. Ndipo nikamsikia mama akishuka ngazi, taratibu, akijishikiza ukutani. Hakumsalimu mtu. Alinisogeza kando, akauinua mkono mbovu kwa mkono mzima, akauweka juu ya koti.

"Kata," akamwambia. "Anzia hapa."

Kisu kilibaki hewani. Vidole vya mama vilijikunja juu ya turubai, kimoja baada ya kingine, kwa shida, vikitetemeka, lakini vilishika. Sikuwa nimeviona vikishika kitu tangu augue.

"Bi mkubwa," Mzee Rangi akasema kwa sauti ndogo, "achia basi."

"Siachii."