Msimchanje Mtoto kwa Nyigu

Mama mwenzangu, kama umemwita mtu aje na wembe, mwambie asubiri kwanza, usome hapa.

Mwanangu Joséline yuko darasa la kwanza. Msimu uliopita nyigu mmoja tu alimuuma kwenye bani la kukaushia tumbaku, hapa kwetu Katumba. Uso ukavimba, pumzi ikawa inakwama. Kituo cha afya walimchoma sindano, pumzi ikarudi. Toka hapo mdudu yeyote akipita naacha kazi namkimbilia mtoto.

Ndipo tukasikia kuna watafiti Mpanda mjini wanapima damu za watu walioumwa na nyuki au nyigu. Baba yake, Celestin, ndiye alimpeleka, mimi nikabaki kufunga tumbaku. Daktari Getrude, mmoja wa hao watafiti, alimwonyesha kichupa, akamweleza kuwa mle mna protini moja ya sumu ya nyigu, lakini nyigu mwenyewe hakuguswa. Imetengenezwa maabara na vijidudu vya hamira vilivyofundishwa kuitengeneza. Wanaichanganya na damu iliyochotwa, nje ya mwili, wajue kama damu inagombana na nyigu au na nyuki. Ya Joséline iligombana na nyigu. Celestin akauliza kama dawa ipo. Akaambiwa nchi nyingine wanamzoesha mgonjwa kwa sumu iliyosafishwa, kidogo kidogo, sindano ya kuokoa ikiwa tayari mezani, ila huku haijafika. Daktari akasema, "Ni kama chanjo."

Neno hilo ndilo lilifika nyumbani. Mengine yote yalidondoka njiani.

Kwetu kuchanja ni wembe. Unakatwa chale kifuani, unapakwa dawa. Shemeji yangu Didace, mdogo wake Celestin, ana mizinga ya nyuki na huwa anachanja watu wasiumwe na nyoka. Kusikia hivyo akacheka, akasema kumbe madaktari ndio kwanza wanaijua kazi yake. Wakacheka wote na kaka yake. Akaangua kiota cha nyigu, akawaponda na majivu, akamchanja mwanangu. Mimi nilikuwa shambani.

Niliitwa na kelele za jirani yangu Scola. Nilimkuta Joséline midomo imegeuka rangi, kifua kimejaa damu na majivu, Didace anampepea kwa kofia.

"Dawa inapigana hiyo, shemeji. Usimguse."

Nikambeba nikakimbia naye mpaka kwenye pikipiki. Nesi wa kituo cha afya alimchoma sindano, akaona haitoshi, akarudia. Mtoto alipolia, nikaanza kumfuta majivu kifuani.

Mngedhani yameisha. Joséline alivyorudi mzima, watu wakasema dawa ya Didace imeshika. Huyo huyo Scola aliyepiga kelele amemwomba amchanje Ponsian wake, mtoto aliyeachishwa ziwa juzi tu, kwa sababu nyuki walimvimbisha mkono. Nikaenda kumkataza.

"Wako si yuko hai?" akaniuliza.

"Yuko hai kwa sindano."

"Sindano mbona wanachomwa wengi, mama Joséline, na wengine tunawazika?"

Nilimpigia Daktari Getrude. Akaniuliza kwetu kuchanja ni kufanya nini hasa. Nikamweleza. Akasema atakuja mwenyewe kesho kuongea na watu. Lakini Didace anakuja leo kumchanja Ponsian.

Nyie mnaosoma, sumu ya kwenye kichupa na sumu ya kwenye kiota si kitu kimoja. Ile ya kichupa ni protini moja ya kupimia damu, haiingii kwa mtoto. Ya kiota imejaa kila kitu, na hakuna anayejua kipimo chake, Didace hajui. Mtoto akiumwa na kuanza kuvimba uso au kukosa pumzi, usipake kitu, usingoje, mkimbize kituo cha afya.

Nimekaa mlangoni kwa Scola tangu asubuhi. Ameniletea chai, akauliza kama kweli naacha tumbaku yangu iharibike kwa mtoto asiye wangu. Nikasema ndiyo. Ameingia ndani, namsikia anambembeleza Ponsian. Celestin kapita barabarani, hakunisalimia.

Pikipiki ya Didace inapanda. Nimesogeza kigoda katikati ya mlango.