Mtu wa Kukaa Kando

Tangu Rosebella asimamishwe kazi ya uuguzi, aliyempigia simu kila jioni alikuwa mmoja tu: baba mkwe wake, mzee Makhanu, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa boma lao. Mmoja angepaza sauti kidogo tu, mwenzake angesikia. Lakini kule Butali mila haichezewi. Baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa, hampi mkono mke wa mwanawe, wala hawaketi benchi moja. Mzee, mjane mwenye msimamo, alikuwa ameishika mila hiyo miaka yote tisa ya ndoa ile. Ila simu, alisema, wazee walipoweka miiko haikuwako, kwa hiyo hakuna aliyeikataza.

"Mama Phoebe, umekula?"

"Nimekula, Baba."

"Uongo. Moshi sijauona kwa jiko lako."

Rosebella akacheka kidogo, akainuka kuwasha moto.

Hospitali ilikuwa kimya. Ilimwandikia mara moja tu, kwamba mama aitwaye Khalayi amemlalamikia. Mwanawe alidungwa sindano wodini, dawa ikamkataa, koo likavimba nusura afe. Mama alisema hakuulizwa kama kuna dawa inayomdhuru mtoto. Rosebella akakatazwa kuzungumza na mama huyo, akakatazwa kuzungumza na wenzake, kisha kimya. Wauguzi aliogawana nao chai walimtoa kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Emily, aliyemsimamia harusi, akikutana naye sokoni huinamia fungu la nyanya kama aliyepoteza pete humo. Mume wa Rosebella alikuwa mwalimu Lodwar, na mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Mtu akifiwa, watu wetu wanajua la kufanya: watabeba sukari, wataimba, watakesha. Mtu akichunguzwa, nani anajua abebe nini? Basi hawaji.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na hakika. Zamu ile alikuwa peke yake na wodi imefurika. Alimwuliza yule mama au hakumwuliza? Alijiuliza akifua, akajiuliza akisonga ugali, mpaka kumbukumbu yenyewe ikachakaa.

Ilipobaki siku moja aitwe mbele ya kamati ya nidhamu mjini Kakamega, aliamua kwamba haendi. Wachukue leseni yao, yeye atalima miwa. Jioni akamwambia mzee.

"Unaogopa watakufukuza?"

"Naogopa kusema sikumbuki mbele ya yule mama, nikiwa peke yangu, Baba. Wanasema naweza kuja na mtu mmoja. Nitamtoa wapi? Emily hata salamu ananinyima."

"Huyo mtu anafanyanga kazi gani?"

"Hana kazi. Hasemi kitu. Anakaa tu kando yangu."

Kupitia dirisha alimwona mzee mlangoni pake, simu sikioni, akiitazama miguu yake. Kisha akakata bila kuaga. Rosebella akaona haya, maana alihisi amemwomba mzee wa watu jambo lisiloombwa.

Asubuhi alimkuta uwanjani ndani ya koti la kanisani, amempa mgongo, anazungumza na ng'ombe.

"Huyu mama akichelewa," alimwambia ng'ombe, "mimi na wewe tutatangulia."

Rosebella akakimbia kuvaa viatu.

Katika chumba cha kamati, Kakamega, kulikuwa na meza ndefu na wanakamati watatu. Upande wa pili Khalayi aliketi peke yake, leso akiikunja na kuikunjua. Rosebella alimwonea huruma ghafla, maana huyu naye alionekana hana aliyempigia simu. Upande wa Rosebella kulikuwa na viti viwili vilivyogusana. Mzee alivitazama kwa muda, akavua kofia, akaketi.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "tulitarajia muuguzi mwenzake. Jamaa huwa wanasubiri nje."

"Kwa huyu mtoto nimekaa nje miaka tisa," mzee akajibu. "Leo nimeingia. Sitoki."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake, akafunua makaratasi yake, akampa Rosebella nafasi ya kusema.

"Sikumbuki kama nilimwuliza," Rosebella akasema. "Wagonjwa walikuwa wengi, lakini hiyo si kazi ya mama huyu kuijua. Kama sikuuliza, kosa ni langu." Akamgeukia mwenyekiti. "Nimekatazwa kuongea naye. Naomba niulize neno moja tu. Mtoto anaendeleaje?"

Hakuna aliyemzuia. Khalayi aliinua uso.

"Ako sawa, sista. Amerudi shule. Nilidhani hakuna mtu kwa hiyo hospitali angewahi kuniuliza."

Hapo Rosebella alilia kilio chote alichokifungia miezi ile, akasahau kamati, akasahau mila, kichwa kikaangukia bega la baba mkwe wake. Mzee Makhanu alikaza macho ukutani, na hakusogea.