Mtandio Mweupe wa Kanisard

Kanisard, kijiji cha Wakurdi alikozaliwa Chaman, kilikuwa na nyumba arobaini, chemchemi moja, na koo mbili zilizotoana roho kwa ajili ya chemchemi hiyo. Wanaume walipoelekezeana bunduki, dawa ilikuwa moja tu: mwanamke mtu mzima avue mtandio wake mweupe, autupe katikati yao. Ukishaanguka, hakuna mwanamume wa kuinua tena mkono. Bibi yake alizima vita namna hiyo mara tatu, Chaman akishuhudia.

Chaman alimsimulia hayo Hemant, Mhindi fundi baiskeli aliyehamia London kutoka Kisumu mwaka 1968 na mkewe Kusum. Hemant ndiye aliyewapangisha Chaman na mumewe chumba cha juu nyumbani kwake, mtaa wa Hounslow jijini humo. Walielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza. Hemant aliupenda sana utaratibu huo, akasema watu wa Kanisard wana akili kuliko serikali zote alizowahi kuzipangia foleni.

Jumamosi moja mchana wakaja vijana wanne wa Kizungu. Wakavunja dirisha la mbele kwa mawe, wakamtukana Kusum matusi ya nguoni, wakaupiga mlango mateke. Kusum akatokea mlango wa nyuma, akakimbilia kwa jirani kupiga simu polisi. Hemant akatoka mbele na spana kubwa. Na kwa kweli aliwaweza. Mmoja alishalala chini, taya limepinda. Wa pili alikuwa analia huku ameshika mkono uliovunjika. Wawili waliobaki walikuwa wanarudi nyuma.

Chaman, mumewe akiwa kazini, alikuwa peke yake kwenye dirisha la juu, akaiona damu. Atakufa mtu, kisha kitafuata kisasi, na kisasi hakina mwisho; hayo aliyajua tangu utotoni. Akashuka ngazi mbio, akavua mtandio, akautupa katikati yao.

"Basi, Hemant," alisema. "Yamekwisha."

Hemant aliutazama mtandio. Maskini, mtu mwenye adabu zake, akainama akaiweka spana chini taratibu, kama anayevua viatu mlangoni pa hekalu.

Wale washenzi walijua nini kuhusu Kanisard? Mmoja aliukanyaga mtandio, akaiokota spana, akampiga nayo Hemant kichwani. Alipoanguka akampiga tena, na mwenzake akamshindilia mateke ya mbavu. Chaman alimrukia yule mwenye spana, akamng'ata mkono mpaka akaonja damu, akabamizwa ukutani. Polisi walipofika, wote wanne walikuwa wametokomea na Hemant hapumui.

"Nilipokuwa napiga simu nilimwona kupitia dirisha la jirani, alikuwa anawashinda," Kusum alimwambia polisi. "Kwa nini aliacha chuma chake?"

Chaman alikuwa amesimama kichwa wazi, na angeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine mtaa mzima aliyeelewa kilichotokea.

"Mimi nilimwambia aache," alisema. "Akanisikiliza."

Kusum hakumpiga wala hakumtukana. Alimwomba tu ahame, kabla maiti ya mumewe haijarudishwa nyumbani.