Mizaha ya Bi Somoe

Tangu aolewe Tandale, Nusaiba alimjua mama mkwe wake kuwa mtu mkavu. Bi Somoe alikuja Dar kutoka Newala akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutuma na kukataza: leta, acha, funga mlango. Nusaiba, mtoto wa pwani aliyelelewa kwa mafumbo na vijembe, aliona wazi kwamba hapendwi.

Kisha Bi Somoe akapigwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mdomo umepinda, na Kiswahili kimempotea. Alibaki na Kimakonde tu.

"Hutokea," muuguzi aliwaambia. "Kwa wengine, lugha ya ukubwani ndiyo hutangulia kuondoka. Huenda ikarudi, huenda isirudi."

Shomari, mumewe Nusaiba, aliinamisha kichwa. Mama yake hakumfundisha Kimakonde, watoto wa mjini wasije wakamcheka. Alijua salamu, basi. Naye kutwa yuko kazini. Nusaiba ndiye aliyeshinda na mgonjwa, mmoja anasema, mwingine anakisia.

Alasiri alikuja jirani yao, Bibi Yustina, Mmakonde mwenzake Bi Somoe. Bi Somoe, kwa ulimi wake mzito, alisema maneno mawili matatu, Yustina akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kasema nini, bibi?" Nusaiba aliuliza.

"Ah, mwanangu, tunapiga soga tu."

Ikawa hivyo kila alasiri. Nusaiba alikaa kando ya kicheko kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Mwishowe akaamua kujifunza. Alianza na vilivyo karibu: akainua kikombe cha maji, Bi Somoe akasema *medi*, maji. Alikosea mno, akasahihishwa kwa subira asiyoitarajia. Mara nyingine neno lilimkwama hata mgonjwa mwenyewe, wakabaki wote wawili wanalitafuta, kila mmoja upande wake.

Kazi haikuwa ndogo. Kila alichosikia alikigeuza kwanza Kiswahili kichwani, na alipomaliza kukigeuza, wenzake walishafika mbali.

Alasiri moja alikuwa akimlisha uji. Bi Somoe akameza kwa taabu, akamgeukia Yustina, akamwambia kwa Kimakonde: uji huu usimwagwe, Shomari akirudi azibie ufa wa ukuta.

Nusaiba akaangua kicheko. Alishacheka ndipo akagundua kwamba ameelewa, na kwamba hakugeuza chochote.

Bi Somoe akamkazia macho. Jicho la upande usiopooza likajaa machozi.

"Mama," Nusaiba alisema kwa Kimakonde chake cha kuchechemea, "mbona miaka yote hukunitania?"

Bi Somoe alijibu taratibu, ili afuatwe. "Kwa Kiswahili nilikuwa natafuta maneno. Anayetafuta maneno hawezi kuyachezea. Nilipokukataza, hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo."

Nusaiba akaweka bakuli chini. Akamfuta machozi kwa upindo wa kanga.

Kiswahili kilirudi kidogo kidogo, hakikurudi chote. Shomari naye akaanza kujifunza siku za Jumapili, ulimi mgumu kuliko wa mkewe. Akikosea, mama yake humwiga mbele ya Yustina, midomo kaibenua vilevile. Naye Shomari, mtu mzima mwenye ndevu, hurudia kosa lilelile, kwa makusudi, ili aigwe.