Pindo la Kitambaa cha Bi Asya

Friji la Shamima lilikuwa limejaa barafu mpaka mlango wa friza ukagoma kufunga. Barafu yenyewe si ya kutia kwenye juisi. Ilikuwa imetuna, nyeupe, imemeza mfuko wa pweza wa wiki iliyopita, na kila akiibandua kwa mwiko, baada ya siku mbili inarudi nene zaidi. Na leo Ijumaa, mama mkwe wake, Bi Asya, anakuja kutoka Kiuyu na samaki wake kama kawaida, na lazima atataka kuwatia mwenyewe. Kilichomtisha Shamima hakikuwa barafu. Aliogopa kuonekana mke asiyejua nyumba, tena mwaka wa kwanza wa ndoa.

Akamwita Haroub, fundi wa mtaa wa pili pale Wete, naye akamkuta anaichokoa barafu kwa kisu.

"Kiweke hicho," Haroub alisema akicheka. "Ukitoboa mrija gesi yenda zake, na friji ndo limekufa."

Akachomoa waya ukutani, akatia beseni la maji moto ndani ya friza, akatandika matambara chini. Barafu ikaanza kuanguka mapande mapande. Sasa akatafuta hewa ya nje inapenya wapi, maana hiyo ndiyo inayoingia na kuganda. Alibana kipande cha karatasi mlangoni, akakivuta. Pembeni kiligoma. Chini kiligoma. Juu kikatoka bila taabu.

Juu ndiko kulikoning'inia kitambaa cha mawaridi alichokidarizi Bi Asya kwa mkono wake, zawadi ya harusi. Pindo lake refu lilibanwa kila mlango ulipofungwa.

"Hiki kiondoke," alisema Haroub.

"Thubutu! Kila Ijumaa hukinyoosha kabla hata hajaketi. Mwambie mpira wa mlango umechoka. Mwambie miye nafungua ovyo."

"Nimwongopee mtu mzima?"

"Assalamu alaykum," ikasikika sauti mlangoni. Bi Asya, na kikapu chake. Alikuwa amesikia. Haroub akainama kukamua matambara, kwa bidii ambayo hakuwa nayo tangu asubuhi.

Bi Asya akaketi. "Ulijua chabanwa?"

"Tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, mama," Shamima alisema, macho sakafuni.

"Na hukunambia."

"Nilichelea ungeona sikitaki."

Shamima alisubiri ukali. Ukali angeuweza. Lakini Bi Asya alisema polepole, "Miye siku zote naja nimefurahi. Kumbe mwenzangu hukaa roho juu."

Shamima aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Bi Asya akakivuta kile kitambaa, akamwekea mapajani, akaagiza mkasi.

"Kata weye hili pindo. Na ukiharibu, nambia."

Shamima akakata, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kwa kujitahidi. Alipofika katikati alisita, akakigeuza, akakitazama vizuri.

"Mama," alisema, "nimekata kombo."