Picha Iliyoegemea Kushoto

Picha kubwa ya sebuleni ilikuwa na tabia ya kuegemea kushoto. Kila asubuhi Bi Kimya aliifuta vumbi, akainyoosha, na kabla hajamaliza kufagia chini ya makochi ilikuwa imeshaegemea tena. Alidhani ni msumari. Akabadilisha msumari. Mwishowe akaizoea, kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kikohozi.

Jina la Bi Kimya alipewa na watoto wa mama yake mkubwa, kwa sababu ukimuuliza jambo hutazama vidole vyake vya miguu kana kwamba jibu liko huko. Alilelewa katika nyumba hiyo tangu mama yake mzazi alipofariki.

Mchwa walipoonekana kwenye albamu, binti mkubwa wa nyumba alimwita fundi aje na skana, picha zote za ukoo ziingie kwenye kompyuta kabla hazijaliwa. Fundi alipanga vyombo vyake juu ya meza ya chakula. Bi Kimya alipewa kazi ya kuzitoa picha kwenye fremu na kumpa.

Alipoifungua ile fremu kubwa aliona picha ni nene upande mmoja, uleule uliokuwa ukilemea. Ilikuwa imekunjwa kwa nyuma. Akaikunjua.

Kwenye kipande kilichokunjwa alisimama mama yake, msichana bado, ameshika sinia la glasi za maji, pembeni kabisa ya wale waliokaa na nguo zao za harusi. Shingo ilikuwa imempinda. Alitoka pichani, akalitua sinia mezani, akajinyoosha, akavuta kiti.

"Hodi jamani."

"Unapiga hodi umeshakaa," mama mkubwa alisema bila kuinua macho kutoka kwenye albamu. "Hujabadilika."

"Nitabadilika vipi humo, dada? Umenikunja kama shuka."

"Fremu ilikuwa ndogo. Wenzangu wangekupitishia mkasi. Mimi sikukukata, nilikukunja tu."

Mama alikubali kwamba tofauti ipo. Fundi aliomba glasi moja, akanywa. Maji yalikuwa vuguvugu.

"Na huyu mwanangu," mama alisema, "kila asubuhi nasikia fagio lake. Shule huenda saa ngapi?"

"Hatukumtoa shule," mama mkubwa alijibu. "Tulimpumzisha tu. Kulikuwa na mtoto mchanga, hana wa kumshika."

Yule mtoto mchanga, ambaye sasa alikuwa darasa la sita, alipita akitafuta chaja.

"Ulifika la ngapi, mama?" mama alimuuliza binti yake. Bi Kimya alitazama vidole vyake vya miguu. Mama akangoja, kama mtu aliyezoea kungoja.

"Samahani, dada," fundi alisema, "zamu ya picha yako imefika."

Mama alibeba sinia lake akarudi mahali pake. Fundi aliilaza picha juu ya kioo, mwanga ukapita, na ukoo wote ukatokea kwenye kompyuta. Glasi moja ilikuwa tupu.

"Pana sana hii, haitakaa vizuri kwenye simu," binti mkubwa alisema. "Kata hapo pembeni."

"Usikate," mama mkubwa alisema.

Bi Kimya aliinua macho.

"Ikunje."

Fundi alifikiri kidogo. Alisema kompyuta nayo ina njia ya kuficha upande bila kuufuta, akafanya hivyo. Picha ikaegemea kushoto. Akainyoosha, ikaegemea tena.

"Iache," binti mkubwa alisema. "Watu watazoea."

Wakaituma kwenye kundi la ukoo. Ndugu walisifu nguo za harusi. Mmoja aliuliza mpigapicha alikuwa amesimama kwenye nini. Ile ya karatasi ikakunjwa palepale ilipokuwa imekunjwa, kwa kuwa fremu ilikuwa ileile, na Bi Kimya ndiye aliyeitundika.

Asubuhi alifuta vumbi, akainyoosha. Ikaegemea. Safari hii aliliweka fagio chini, akasogeza mdomo karibu na kioo, upande wa kushoto.

"La nne, mama," alisema. "Na sikuwa nimechoka."