Dohani Inayokohoa

"Wanafamilia wote mnatangaziwa kwamba jiko halitawashwa leo kuanzia baada ya chai, hadi itakapotangazwa vinginevyo."

Baba alilitoa tangazo hilo akiwa mlangoni mwa jikoni, ingawa wanafamilia tulikuwa mimi na Dada tu, na sote tulisimama mbele yake tukiwa na sururu mkononi. Alikuwa amestaafu uenyekiti wa chama cha ushirika. Uenyekiti wenyewe haukuwa umestaafu.

Jiko lilikuwa la kuni, la udongo, lisilo na dohani. Mama alipikia hapo maisha yake yote ya ndoa, na kila mwaka aliomba bomba la kutolea moshi. Kila mwaka Baba alilipokea ombi na kuahidi kulifikisha kikaoni. Kila Mama akikohoa, mara mbili kwa ufupi na mara moja kwa kirefu, aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria, tujue kwamba kazi inaendelea. Alikufa kwa kifua kabla kikao hakijaitishwa. Dada naye alipoanza kukohoa, Baba aliita fundi bila kikao.

Fundi, ambaye watu walimwita Masizi, alilibomoa jiko tukimsaidia, kisha akaanza kuutwanga udongo wake.

"Wa nini tena huo?" Dada akauliza.

"Nauchanganya na mpya, dada. Huu umeshaiva. Mpya mtupu utapasuka, halafu mtanitukana mimi."

"Mama aliukandika kwa viganja vyake kila wiki."

"Basi kanifanyia nusu ya kazi, Mungu amrehemu."

Jiko jipya lilikuwa na matofali, mlango wa chuma, wavu wa kupitisha hewa chini ya kuni, na dohani ya bati iliyotokeza juu ya paa. Moshi wote ukapanda. Haukupita muda kifua cha Dada kikatulia. Ndipo jiko likaanza kukohoa.

Mimi siamini mizimu. Naamini kwamba hewa ya moto hupanda na kwamba bati lililolegea hugonga. Kwa hiyo nilipanda paani nikakaza kofia ya dohani, nikakwangua masizi, nikaziba kila ufa kwa udongo. Likakohoa. Fundi akaitwa, akatega sikio, akavua kofia yake mwenyewe.

"Mzee, kazi ya bati imekwisha. Iliyobaki siijui."

"Ni upepo," nikasema.

"Upepo gani huo, kaka, unakohoa kisha unagonga mwiko?"

Kuhusu mwiko sikuwa na maelezo ya kutosha, na bado sina.

Baba, ambaye hakuwahi kukaa jikoni, sasa alishinda kwenye kigoda cha Mama. Jiko likikohoa, alisema, "Pole." Mama alikohoa miaka mingi upande wa pili wa ukuta, na neno hilo halikuwahi kuuvuka. Akishalisema, aliinamisha kichwa akisubiri. Nguo zilianza kumpwaya.

"Baba, chakula kinapoa," Dada alimwambia.

"Nangoja jibu."

"La nani?"

"La mleta ombi. Akisema ameshapoa, nitakula."

Dada alinivuta uani. "Baba anatuishia, mdogo wangu. Tulibomoe."

"Upikie wapi? Urudi kwenye moshi?"

Akajishika kifua, pengine kwa mazoea.

Kikao kikaitishwa mezani hatimaye, ajenda ikiwa dohani. Nilitoa hoja kwamba sauti ile ni upepo, na upepo haujibiwi. Dada akaunga mkono huku akiitazama sahani ya Baba, ambayo haikuwa imeguswa. Baba aliinua mkono kuipitisha hoja, na papo hapo jikoni kukakohoa: mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa kirefu. Mwiko ukagonga. Mkono wake ulibaki hewani kitambo, kisha akaushusha na kutangaza kwa sauti ya ofisini:

"Kikao kimeazimia kwamba sauti hiyo ni upepo, kwamba jiko litaendelea kutumika, na kwamba upepo utapewa pole na mwenyekiti peke yake, hadi utakapojibu."